Ukumbi mzuri, pilau tamu, ila mkataba nilisaini mimi: dina ya fomu siksi hapa Dodoma

Mbukwa wandugu. Wiki hii tu nimepigiwa simu na wazazi watatu wananiuliza kuhusu ule ukumbi tuliofanyia dina ya watoto wa fomu siksi mwezi wa nne, na kila mmoja namsimulia nusu nusu afu salio linakata au wateja wanaingia dukani, sasa bora niandike yote mara moja. Jina la ukumbi silitaji, tumeshamalizana na sitaki kufungua mengine.

Kwa wanaotaka nyota haraka haraka, ukumbi wenyewe nne, chakula nne na nusu, wahudumu nne, kaunta ya vinywaji moja na hiyo moja ni ya huruma. Mkataba naupa tatu ila hizo tatu nimezilipia kwa hela yangu ndo maana naandika.

Shule yetu ni ya serikali, ya bweni. Mahafali yenyewe ile ya asubuhi yenye mgeni rasmi na risala na ngonjera shule inafanya uwanjani chini ya turubai, hiyo haina shida. Ila watoto wa siku hizi wanataka na ya usiku, suti na magauni marefu, wao wanaita promu, wameiona kwenye muvi za Wamarekani, sisi kamati ya wazazi tukaibatiza dina ya kuagana ili mkuu wa shule asishtuke. Alishtuka hivyo hivyo lakini alikubali kutoa mabasi na walimu walezi, akasema na geti la bweni linafungwa saa tano usiku, atakaechelewa atalala na mlinzi.

Sasa tatizo la kwanza ni tarehe. Mtihani wa taifa wa kidato cha sita unaanza mwanzoni mwa Mei, kwaio kusherehekea ni kabla ya hapo, na Aprili hapa kwetu ndo Bunge la bajeti linaanza na linakaa mpaka mwisho wa Juni. Mtu wa mkoa mwingine hawezi kuelewa. Mji unafurika, magesti yanajaa mpaka huko Nzuguni na Nkuhungu, kumbi zinakamatwa na semina na vikao na tafrija za kila aina, na toka serikali ihamie huku bei za kumbi hazina adabu kabisa. Tulianza kutafuta mwezi wa pili tukaona tumewahi, kumbe tumechelewa. Ukumbi mmoja Area C waliniambia milioni tatu ukumbi mtupu, yaani kuta na viti, chakula mtajua wenyewe. Mwingine upande wa Kizota bei ilikuwa nzuri ila hauna ukuta, na wewe una watoto zaidi ya mia wa bweni, usiku, hauna ukuta, hapana.

Huu tuliochukua una ukuta na geti moja, jenereta lake, parking ya mabasi mawili bila kusukumana, vyoo vinne kila upande na vina maji (niliingia mwenyewe nikafungua koki, na wewe fanya hivyo usimwamini mtu). Jumamosi milioni moja na nusu, chakula wanapika wao, huruhusiwi kuleta mpishi wako, sahani elfu ishirini na mbili na soda moja na maji. Tulikuwa na wanafunzi 128 na walimu 22, jumla 150, nikapiga hesabu kwenye kikokotoo cha simu, chakula milioni tatu na laki tatu, na ukumbi, ni milioni nne na laki nane. Mapambo laki sita, MC na DJ laki tano kwa pamoja kwa sababu DJ ni mtoto wa mdogo wangu alikuja na treni ya mwendokasi toka Dar asubuhi akarudi kesho yake. Kila mtoto elfu arobaini na tano, ukizidisha kwa 128 ni 5,760,000, na kuna mzazi mmoja alitoa laki mbili za kutuunga mkono. Tunatosha na sitini elfu inabaki ya dharura. Nilijiona mhasibu mkuu wa serikali.

Siku ya kusaini ndo mambo yalipoanzia. Mwenyekiti wetu alikuwa Mpwapwa msibani. Mkuu wa shule alishaniambia mapema, mama, muhuri wa shule hauwezi kukaa kwenye karatasi ya promu. Na mimi simlaumu. Toka elimu bila malipo ianze 2016, na 2022 ikafika mpaka fomu faivu na siksi, mwalimu mkuu akisikia neno mchango anaangalia nyuma kama kuna mtu anarekodi. Kaka mkuu wa wanafunzi nilikuwa nimeenda nae kuangalia ukumbi, mtoto mwenye heshima zake, akasema mama naomba nisaini mimi, kwani shughuli si ni yetu sisi? Meneja akacheka akamuuliza mwanangu una kitambulisho cha taifa, kile cha NIDA? Hana, anatimiza kumi na nane mwezi wa sita.

Basi meneja akanisogezea mimi peni. Kurasa nne, maandishi madogo, juu pameandikwa MTEJA afu nafasi ya jina, namba ya NIDA, simu na anuani. Nikajaza jina langu lote matatu. Chini kabisa pembeni ya sahihi nikaongeza kwa mkono "kwa niaba ya kamati ya wazazi wa kidato cha sita" nikajiona mjanja sana, meneja wala hakusema kitu, akagonga muhuri akanipa nakala. Nikalipa nusu benki, milioni mbili na laki nne, na laki tatu ya amana ya uharibifu ambayo nilitoa mfukoni kwangu kwa muda, nikapewa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, bila kuomba. Hiyo nawapa heshima, kumbi ngapi hapa mjini ukitaka risiti unaambiwa mashine inachajiwa.

Wiki mbili kabla ya siku yenyewe simu ikaita niko Majengo sokoni nanunua nyanya. Meneja. Sauti laini kama mtu anaekuja kuposa. Mama shikamoo, mama samahani, kuna kundi la semina limeomba Jumamosi ile ile, ni watu wengi na wanalala siku tatu, tulikuwa tunaomba watoto wetu tuwahamishie Jumapili na tutawapa na keki bure.

Keki!

Jumapili haiwezekani, watoto wana ibada na Jumatatu asubuhi wana mtihani wa majaribio, na mabasi tumeshayapanga. Nikamwambia nitakupigia, nikaacha nyanya palepale mezani kwa mama wa watu nikampigia shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, ni wakili. Akaniambia shem nitumie picha za mkataba kurasa zote hata ile ya nyuma. Nikatuma. Baada ya nusu saa akanipigia na swali la kwanza halikuwa la tarehe. "Shemeji, huku umesaini kama nani?"

Nikamwambia kama mweka hazina wa kamati. Akaniuliza kamati imesajiliwa wapi. Haijasajiliwa popote, ni kundi la wasapu na daftari. Akacheka kile kicheko chao cha mahakamani.

Alinielezea hivi, na mimi nawaambia kama nilivyoelewa. Sheria ya Mikataba ile Sura ya 345 inataka anaeingia mkataba awe mtu mwenye uwezo kisheria wa kufanya hivyo, kifungu cha 11, yaani kwanza awe ametimiza umri wa utu uzima ambao ni miaka kumi na nane, na awe na akili timamu. Kwaio kaka mkuu wetu na miaka yake kumi na saba angesaini ile karatasi siku ya ugomvi isingewabana watu, na meneja alikuwa anajua ndo maana akaulizia NIDA. Shule ingeweza kubeba kama mkuu angeidhinisha, hakuidhinisha. Kamati isiyosajiliwa kisheria sio mtu, haiwezi kushtakiwa wala kushtaki, sasa ukisaini kwa niaba ya kitu ambacho sheria haikioni, anaebaki anaonekana ni nani? Ni wewe uliejaza NIDA. Yale maneno yangu ya peni pembeni yamependeza tu, hayabebi mzigo. Yaani watoto 128 na walimu 22 na sahani zao na soda zao na vioo watakavyovunja, wote wamekaa juu ya jina langu.

Nilikaa chini kwenye kigoda cha yule mama wa nyanya.

Ila akaniambia na upande wa pili, na hapa ndo natoa zile nyota tatu. Kifungu cha sita cha mkataba wao wenyewe kinasema tarehe haiwezi kubadilishwa na upande wowote bila ridhaa ya maandishi ya upande wa pili. Wao ndo waliandika. Na kuna kifungu kingine mteja akighairi ndani ya siku kumi na nne analipa asilimia sabini na tano ya gharama yote, ila ukumbi ukighairi unarudisha hela yote na fidia ya asilimia ishirini na tano. Shemeji akasema hizo asilimia za adhabu zisikutishe sana wala zisikufurahishe sana, maana kifungu cha 74 cha sheria kinasema ukitajwa kiasi kwenye mkataba mahakama inatoa fidia inayostahili isiyozidi hicho kiasi, sio lazima chote. Lakini kwenye simu na meneja huna haja ya kufika mahakamani, msomee cha sita.

Nikampigia meneja. Nikamwambia mwanangu, chukua mkataba wako fungua ukurasa wa pili. Akafungua nikamsikia karatasi. Kimya. Afu akasema sawa mama, Jumamosi iko palepale. Na nimpe haki yake, hakununa, hakutuharibia kitu, na ile semina wakaipeleka kwingine. Ningekuwa nimekubaliana nae kwa mdomo tu na kishika ukumbi cha laki mbili kama tunavyofanyaga kwenye vipaimara, saa hizi ningekuwa nawasimulia vingine. Karatasi ile ile iliyonifunga mimi ndo iliwafunga na wao.

Basi, nikaanza kuusoma mkataba vizuri. Kwa nini sikuusoma kabla ya kusaini usiniulize, mume wangu ameshaniuliza.

Kwenye profoma, ile karatasi ya makadirio ya bei, chini kabisa kuna mstari unasema bei hazijajumuisha VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani. Asilimia kumi na nane. Ya milioni nne na laki nane ni laki nane na sitini na nne elfu. Ile sitini elfu yangu ya dharura ikacheka peke yake. Nikamuuliza meneja mbona hukuniambia, akasema mama imeandikwa. Na kweli imeandikwa, ila jamani wewe unaemwambia mzazi sahani elfu ishirini na mbili si umwambie tu ishirini na tano na mia tisa sitini ajue moja. Hili ndo lalamiko langu kubwa kwa huu ukumbi kama biashara. Hawadanganyi, risiti wanatoa, kodi wanalipa, ila bei ya mdomoni na bei ya kwenye ankara ni ndugu wa mbali.

La pili ni idadi ya uhakika. Tulisaini 150, na mkataba unasema unaweza kupunguza mpaka asilimia kumi kwa taarifa ya maandishi siku saba kabla. Sasa wazazi wangu wapenzi, mnajua kuchangisha. Kundini watu wanaweka mikono ya amina, wanasema tupo pamoja, hela haiji. Mpaka wiki ya mwisho walikuwa wamelipa watoto 109. Wengine wana sababu za kweli kabisa, huwezi kumlaumu mtu kalima mtama mvua ikakata. Wengine nawaona picha zao wakiwa kwenye nyama choma kila Ijumaa. Mimi nikasubiri nikijua watalipa, nikasubiri, siku saba zikapita, nikaja kumwandikia meneja ikiwa zimebaki tano, tena kwa wasapu, kwamba tupunguze. Kwa mkataba nilikuwa nimeshachelewa na angeweza kukataa yote. Akapunguza sahani kumi, akasema hii ni ubinadamu mama sio mkataba. Na VAT yake inakuwa 259,600 imeokoka. Nilimshukuru na bado namshukuru.

Siku yenyewe sasa. Mvua ilinyesha kidogo jana yake kwaio hakukuwa na vumbi, upepo wetu ule haukuja, watoto walishuka kwenye basi wanang'aa utafikiri sio wale wanaochotaga maji na ndoo asubuhi. Kuna mmoja suti ya baba yake, mabega yameshuka mpaka kwenye viwiko, akatembea kwenye zulia jekundu kama waziri, ukumbi mzima ulipiga makofi. Nilisahau VAT kwa dakika kama kumi hivi.

Chakula. Pilau imeiva punje punje na viungo vimekolea, nyama ya mbuzi laini, kuku wa kuchoma, ndizi, maharage ya nazi, mchicha, kachumbari na pilipili ya kukaanga pembeni, matunda na zabibu zetu. Walipanga meza mbili za kuchukulia chakula kwaio foleni haikukaa, watu wote walikula ndani ya dakika arobaini, na aliyetaka kurudia alirudia, wahudumu hawakumkodolea mtoto macho. Nimeshakula kwenye harusi za watu wakubwa hapa mjini mhudumu anakuhesabia vipande vya nyama kwa koleo kama anakupa dawa. Hapa hapana. Saa mbili na nusu umeme ukakata, kabla watoto hawajamaliza kupiga kelele jenereta lishawaka, spika za DJ zikarudi, sawa kabisa.

Kaunta ya vinywaji ndo aibu. Kwenye mazungumzo nilisema hii ni shughuli ya wanafunzi, hatutaki bia kuonekana, meneja akasema kaunta itafungwa mama usijali. Ikawa haijafungwa. Saa moja jioni iko wazi, taa za rangi zinawaka, jamaa mmoja kakaa hapo na chupa zake. Nikamfuata muuzaji, akaniambia mimi nimekodi hii kaunta, mkataba wako na ukumbi haunihusu. Na ukweli ni kwamba haumhusu! Nikarudi kwenye zile kurasa nne, neno kaunta halipo popote, ilikuwa ya mdomo. Ilibidi mwalimu mlezi wa wavulana akasimame pale mwenyewe na mikono nyuma kama kwenye gwaride, na anaeanza kujisogeza anaulizwa unatafuta nini kijana. Mpaka meneja alipokuja akamwomba yule bwana afunge ilikuwa saa mbili na zaidi. Wavulana wawili mdomo ulikuwa unanukia, hilo shule imelimaliza kimya kimya, lakini lingeharibika ningehojiwa nani? Jina lililo kwenye karatasi. Wakati watoto wengine hata kumi na nane hawajafika.

Tulitakiwa kutoka saa nne kamili usiku, kila saa ya ziada laki moja, tukatoka na dakika ishirini kwa sababu ya picha za mwisho na kulia kulia, hawakututoza. Watoto geti la bweni wakaliwahi.

Sasa hesabu, mtanisamehe, mimi ni mtu wa duka. Ukumbi na sahani 140 na VAT ni 5,404,400. Mapambo, MC na DJ milioni moja na laki moja. Kwenye amana yangu ya laki tatu wakakata laki moja na ishirini, elfu themanini ni kioo cha choo cha wasichana (walijazana kumi na tano kujipaka poda mmoja akaegemea, hilo nakubali) na elfu arobaini ni kiti kimoja ambacho naapa kilikuwa kimelegea toka tunaingia, ila sina picha. Jumla ni 6,624,400. Tulichokusanya mpaka siku ile ni watoto 109 na zile laki mbili za yule mzazi, 5,105,000. Pengo ni milioni moja na laki tano na elfu kumi na tisa na ushee.

Na hawakunifungia geti wala kunipiga mkwara, walinipa siku kumi na nne za kumalizia. Ila ankara ilikuja kwa jina langu, ujumbe wa kukumbusha ulikuja kwenye simu yangu, na siku ya kumi na mbili nikachomoa kwenye hela ya vikoba. Baadae wanakamati watano kati ya saba tukiacha mimi wakachanga laki laki, Mungu awabariki, mmoja anasema yeye hakuwepo siku ya kusaini, na huyo mwingine tuseme yuko safari. Wazazi kumi na moja kati ya wale kumi na tisa wamelipa baada ya mimi kutuma picha za watoto wao wakiwa wamevaa. Zimebaki laki tano na ishirini na nne elfu na mia nne. Shemeji anasema kisheria naweza kuwadai wenzangu kama kuna ushahidi kwamba tulikubaliana kubeba pamoja, nikamtumia meseji za kundini, akasoma akaniambia shem hapa kuna amina nyingi ila hakuna mtu aliyesema nitalipa.

Kwaio kwa wale mnaoniuliza kama mchukue huo ukumbi kwa mahafali ya fomu foo mwezi wa kumi, mimi nasema chukueni. Kweli kabisa. Mwezi wa kumi hata bei mtapunguziwa maana msimu wa bajeti umepita, ombeni. Ila kabla mtu hajashika peni, kamati nzima iandike karatasi yake nyingine, hata ya daftari, majina yote na sahihi, kwamba hasara tunagawana sawa sawa, aliyesaini asiachwe peke yake, na iwe kabla sio baada. Kusanyeni hela kwanza afu msaini idadi ya waliolipa sio idadi ya darasa, kuongeza sahani siku za mwisho wao wanakubali kwa furaha, kupunguza ndo vita. Kaunta iandikwe kwenye mkataba kwamba imefungwa na muuzaji wake aweke sahihi. Bei iandikwe na VAT ndani. Na simu yako ipige picha kila kiti na kila kioo mkiingia, hata wakikuona mshamba.

Nakala ya mkataba wangu ipo, nimezungushia peni nyekundu sehemu zote zilizoniuma, mama wa fomu foo mmoja ameshaichukua kutoa fotokopi pale Jamatini. Amana iliyobaki, laki moja na themanini, waliirudisha siku ya tisa kwa simu. Bila hela ya kutolea.